Maji ya Moto ya Klabu

Zedekiah Were hakuwa mtu wa kuchagua kazi kwa pua. Alikuwa fundi wa bomba hapa Nairobi kwa miaka kumi na minne: tisa chini ya Kalasinga mmoja wa Grogan Road, aliyemfundisha kukata meno ya bomba na kuziba kiungo kisivuje hata tone, na mitano ya mwisho akijitegemea. Alikuwa amezibua vyoo vya mahoteli, ameingiza mkono hadi begani katika mashimo ya jikoni yaliyoganda mafuta ya miezi, na jioni akarudi kwake Riruta akala ugali wake bila neno. Ndiyo maana waliomjua walishangaa mwaka ule wa 1967 waliposikia kwamba kuna kazi ameiacha katikati kwa sababu ya kinyaa.

Kazi yenyewe ilikuja kwa njia nzuri. Wakili Mungai, mwenye ofisi ghorofani katikati ya mji, alikuwa amenunua nyumba kule Karen kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akihama nchi, na Were ndiye aliyembadilishia mabomba yote yaliyokuwa yameliwa na kutu. Wakili alipendezwa na kazi ile. Siku moja akampigia simu kwenye duka la jirani wa karakana yake, akamwambia klabu aliyojiunga nayo, ile ya gofu na tenisi upande wa Karen, inataka fundi wa kuweka hita mpya ya stima kwa ajili ya maji ya kuoga.

"Nimewapa jina lako," wakili alisema. "Ni watu wagumu, lakini ukifanya vizuri watakuita tena. Usiniangushe, Were."

Were hakuhitaji kuelezwa ni klabu gani. Habari zake zilikuwa zimefika hata Riruta: wakili Mungai na rafiki yake, daktari Wainaina, walikuwa Waafrika wa kwanza kukubaliwa pale, tangu mwezi wa kwanza mwaka ule. Were hakuwahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake wala hakuitamani, lakini alipoisikia habari ile alitembea siku nzima akiwa na raha, kana kwamba aliyekubaliwa ni ndugu yake. Sasa yeye pia angeingia pale, na spana zake, na kwa kuitwa.

Gari la klabu lilimchukua asubuhi ya Alhamisi. Aliyempokea alikuwa katibu wa klabu, Bwana Hallam, Mzungu mrefu mwenye kaptura iliyonyooshwa pasi hadi ikawa kama karatasi. Hakumpeleka kwenye bafu za wanachama. Alimzungusha nyuma ya jengo, wakapita mapipa ya taka na kamba za kuanikia nguo, wakafika kwenye chumba kilichokuwa stoo ya nyavu za tenisi. Kilikuwa na dirisha moja dogo na sakafu ya saruji iliyopasuka.

"Hapa," alisema katibu, kwa Kiswahili chake cha shambani. "Weka hita moja, bafu mbili, sinki moja. Maliza kabla ya Jumamosi ya pili."

Were alipima ukuta kwa macho. "Na zile bafu za mbele, bwana? Zimeharibika?"

"Zile iko sawa. Zile ya members. Hii iko ya members mpya."

Were alidhani hakusikia vizuri. Katibu aliona uso wake, akakohoa, akaongea haraka haraka akitazama nje ya dirisha. "Maji ya kule iko na harufu mbaya sana, tangu mwezi ya pili. Members nalalamika kila siku. Kamati naona afadhali kila mtu kuwa na mahali yake. Si kosa ya mtu. Wewe naelewa, mafuta tofauti, sabuni tofauti. Desturi tofauti."

Were alielewa. Alisimama pale na mkoba wake wa vifaa begani, akahisi kama mtu aliyeguswa shingoni na kitu chenye ute. Aliyemfikiria kwanza alikuwa wakili Mungai. Maskini, alijiambia, hajui. Amewapa jina langu nije kumjengea kibanda chake nyuma ya mapipa ya taka, na hajui.

Angeweza kuondoka saa ile ile. Kilichomzuia ni ufundi wake. Katika miaka yote ile hakuwahi kuona maji yakishika harufu ya mtu aliyeoga jana. Maji ya kuoga huteremka kwenye mfereji yakaenda zake. Maji yakinuka, yananuka kutoka yanakotoka. Akamwomba katibu aione boila.

"Boila hapana kazi yako," alisema Bwana Hallam, kisha akaitwa kwenye simu na akaenda.

Boila ilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, chini ya kibanda cha mabati: chuma kizee cheusi chenye mdomo wa kutia kuni, na mbele yake mzee amekaa juu ya gogo. Aliitwa Mwololo, Mkamba aliyevaa koti la kaki lililochakaa viwiko. Alikuwa amewasha moto wa boila ile kwa miaka kumi na miwili, na kazi yake nyingine ilikuwa kugawa taulo.

"Shikamoo mzee," Were alimwamkia. "Nasikia maji yenu yananuka."

"Marahaba. Yananuka," Mwololo alikubali. "Ya moto. Ya baridi hayana neno."

"Kwa nini ya moto peke yake?"

"Ya baridi yanatoka kwa bomba la barabarani moja kwa moja. Haya ya moto yanaingia kwanza kwa tangi huko juu darini, ndipo yanashuka hapa kwangu."

"Na kuna mtu amepanda kuangalia hilo tangi?"

Mwololo alisukuma gogo ndani ya moto. "Nani apande? Wamesema harufu ni ya wale wawili."

"Hao wawili huoga lini?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Hawajaoga hata siku moja, fundi. Wakimaliza mchezo wanajifuta jasho na taulo, wanaingia kwa gari. Taulo natoa mimi, kwa hivyo najua. Lakini mimi sijaulizwa."

Were aliweka ngazi. Dari ilikuwa na giza na joto, na kabla macho yake hayajazoea, pua ilikuwa imeshampa habari. Uvundo ule haukuwa mkali kama wa choo. Ulikuwa mtamu, mzito, wa kukaa kooni, kama mafuta ya nyama yaliyosahauliwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Alitambaa juu ya mbao hadi kwenye tangi. Halikuwa na kifuniko. Akawasha tochi.

Juu ya maji palikuwa na utando wa rangi ya uji, umekunjamana pembeni kama maziwa yaliyochemka yakaachwa. Aliugusa kwa ncha ya spana nao ukafuata spana, ukavutika, ukakatika. Chini yake kikazuka kitu cha kijivu kama tambara. Tambara lile lilikuwa na mkono. Mkono mdogo wenye vidole vitano, kucha zote zipo, ngozi imelegea kama glavu. Alikuwa komba, mmoja wa wale wanaolia kwenye miti ya Karen kama watoto wachanga, na hakuwa peke yake. Were alikoroga kwa fimbo na mwingine akageuka juu, huyu hana tena uso, kisha panya, na panya mwingine, na chini kabisa tope la manyoya na mifupa midogo lililofunika mdomo wa bomba linaloshuka kwenye boila. Manyoya yalikuwa yamenyonywa humo, yamejisokota kama uzi wa kuziba kiungo, na maji yalikuwa yakichujwa kupitia kwayo, siku baada ya siku, kwenda kwenye vichwa vya watu.

Alishuka akishika ngazi kwa mikono miwili. Alitema mate mara tatu na ladha haikutoka.

"Kifuniko cha tangi kiko wapi?" aliuliza.

Mwololo alifikiri. "Kilikuwa ubao mkubwa. Kilishushwa Krismasi. Bwana katibu alitaka mahali pa kupangia vinywaji kule nyasini, mbao zilikuwa hazitoshi. Bado kiko huko baa, wamekitilia kitambaa."

Were alimweleza alichokiona. Hakupunguza chochote, na baadaye alijuta, kwa maana Mwololo alisikiliza hadi mwisho, halafu akainama akachukua kopo lake la bati lililokuwa kando ya gogo, lenye masazo ya chai, akalitazama.

"Mimi huchota hapa kwa boila," alisema. "Asubuhi, maji yakiwa yamechemka. Ni kutia majani tu na sukari, harufu inapotea."

"Tangu lini, mzee?"

"Kila siku."

Mzee aliliweka kopo chini polepole, akaenda nyuma ya kibanda, na Were akamsikia akitapika, akipumzika, akitapika tena. Sauti ile ilimuudhi kuliko kile alichokiona darini. Aliwaza wale wa mbele waliokuwa wakiosha nyuso zao na kusukutua vinywa kwa supu ya komba, kisha wakitoka wakisema mtu fulani ananuka, na hakuwaonea huruma hata chembe. Lakini huyu mzee hakuwa amemsema mtu.

Bwana Hallam alikuja amekasirika, akapanda ngazi amekasirika, akashuka na uso wa rangi ya chokaa. Alitembea hadi kwenye maua ya waridi, akawapa mgongo, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Mabega yake yalitikisika. Aliporudi alikuwa amekwisha kukikunja kitambaa na kukirudisha mfukoni, na Were alikitazama kile kifuko cha kaptura akashindwa kuondoa macho.

"Nani najua hii?" katibu aliuliza.

"Sisi watatu."

"Vizuri. Hapana ambia mtu. Wewe safisha, tia dawa, funika. Kwisha."

"Nitasafisha, bwana. Halafu ile hita ya nyuma haina kazi tena. Harufu tumeipata."

Katibu alitazama viatu vyake. "Hapana. Ile naendelea. Kamati imekata shauri."

Were alisafisha. Alifunga maji, akazima boila pamoja na Mwololo, akawatoa wale wanyama kwa ndoo akiwa amejifunga tambara puani, mmoja akamkatikia mkononi. Alikwangua tangi hadi chuma kikaonekana, akabadilisha bomba lote linaloshuka kwa sababu ukuta wake wa ndani ulikuwa umepakwa mafuta yasiyotoka, kisha akaifungua boila chini ikaharisha maji ya kahawia yenye vinyweleo kwa muda wa nusu saa. Akaosha kwa dawa, akajaza, akamwaga, akajaza tena. Katibu hakutokea. Kazi hiyo Were aliifanya kwa ajili ya Mwololo na kwa ajili ya kazi yenyewe, na alipomaliza maji yalitoka safi kabisa, akayanusa, akayaonja mbele ya mzee ili mzee amwamini.

Jioni mkewe Peres alikuwa amepika nyama. Were alikaa mezani, akatazama bakuli. Mchuzi ulikuwa umeanza kupoa na mafuta yalikuwa yameshika juu, yamekunjamana kidogo pembeni. Akalisukuma bakuli.

"Baba Awiti, umekula mjini?" Peres aliuliza.

"Sijakula."

"Basi nyama ina nini?"

Alimweleza, lakini hakutaja wanyama. Alimweleza juu ya kile chumba nyuma ya mapipa. Peres alimsikiliza akiwa amesimama, kijiko cha mbao mkononi.

"Na huyo wakili anajua?"

"Hajui. Jumatatu nitamwambia."

"Mwambie," alisema Peres. "Lakini mwambie ukiwa umekula. Mtu mwenye njaa husema maneno mabaya." Akamletea chai ya maziwa na mkate mkavu, na hata chai ile Were aliitazama kwanza.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi ya wakili. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Wakili Mungai alimkaribisha vizuri, akafunga mlango, akamwambia aketi. Were alieleza yote toka mwanzo: chumba cha nyuma, maneno ya katibu, tangi, ubao uliotiliwa kitambaa. Alieleza taratibu kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. Alipofika kwenye chumba aliona wakili hashtuki. Alipofika kwenye komba wakili alishtuka, akasogeza kiti nyuma.

"Mungu wangu. Na wameoga humo miezi hiyo yote?"

"Wameoga, wakili. Na wanasema ni ninyi. Na ninyi hamjaoga pale hata siku moja."

Wakili alichukua kalamu, akaitazama, akairudisha. "Nani amekwambia hatuogi?"

"Ni uongo?"

"Si uongo." Alishusha sauti, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Siku ya kwanza nilienda hadi mlangoni na taulo. Walikuwa sita mle ndani, wanacheka. Nilipoingia wakanyamaza. Nikafunga kamba ya kiatu changu, nikatoka. Wainaina hakujaribu kabisa."

Were alimhurumia, na huruma ile ingekaa moyoni kama wakili angekomea hapo.

"Ndiyo sababu niliwapa wazo la chumba cha nyuma," wakili aliendelea.

"Wewe?"

"Mimi, kwa barua. Fikiri vizuri, Were, usikasirike. Walikuwa wanatafuta njia ya kutuondoa. Nikawaambia, basi tupeni mahali petu pa kuoga, na sisi tutalipenda jambo hilo kwa sababu sisi wenyewe tunaona haya. Wakafurahi sana. Sasa kuna majina mengine manne ya watu wetu kwenye orodha, na hakuna aliyeyapinga. Mambo haya huenda polepole."

"Lakini harufu si yenu. Sasa unao ushahidi. Ubao wao uko baa."

"Na nikishaonyesha ushahidi nifanye nini nao? Niwaambie wamekuwa wakisukutua mizoga? Mtu ukimwaibisha hatakusamehe. Afadhali waendelee kufikiri ni sisi." Aliona uso wa Were, akatabasamu kidogo, tabasamu la kumtuliza mtu wa kazi. "Wewe weka hita yako. Weka kubwa. Na uweke kufuli madhubuti mlangoni. Sitaki wale wabeba mifuko ya gofu na wachoma kuni waanze kuingia humo kuoga. Unajua watu wetu."

Were alitazama mikono yake. Alikuwa akiisugua tangu Alhamisi kwa sabuni ya mche na majivu, na bado kulikuwa na kitu chini ya kucha. Sasa alihisi harufu ile ile pale ofisini, katikati ya vitabu vya sheria na zulia jekundu, na alijua haipo, na hata hivyo koo lake lilijaa mate.

"Tafuta fundi mwingine, wakili," alisema akainuka.

"Were, mimi ndiye niliyekupeleka pale."

"Ndiyo. Nimesafisha tangi lao na boila yao inafanya kazi. Hiyo nyingine siwezi."

"Ni bafu tu."

Were alishuka ghorofa zote nne, na alipofika barabarani akasimama kwenye ukingo wa lami akatema mate, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akavuta sketi yake kando.

Hita iliwekwa na mtu mwingine, wiki ile ile. Hilo Were alilisikia kwa Mwololo, aliyemtembelea karakanani kwake mwezi uliofuata akiwa amevaa koti lake lile lile. Mzee alisema alikuja tu kumsalimu, lakini ilikuwa wazi ana jambo linalomwasha ulimi.

"Mimi sikuweza kunyamaza, fundi," alisema. "Nilimwambia mpishi wa klabu kuhusu tangi. Mpishi akamwambia mhudumu wa baa, na yule bibi mzee anayecheza tenisi akasikia, akakiinua kitambaa mwenyewe na kuuona ubao. Palikuwa na mkutano. Sasa hakuna Mzungu anayetaka kuoga mbele. Hata ukiwaambia limesafishwa, wanasema wanausikia uvundo. Wote wanaoga kwa kile chumba cha nyuma, wamepanga mstari na taulo kama watu wa kungojea posho. Wameweka maandishi mlangoni, ya members wa zamani peke yao."

"Na wale wawili?"

"Wamepewa za mbele. Bafu sita, sinki nne, watu wawili." Mwololo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wanaingia kwa furaha. Mimi nawashia moto."

Siku mbili baadaye simu ililia dukani kwa jirani. Alikuwa wakili Mungai. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki kabisa, kana kwamba hawakuwahi kuachana vibaya.

"Were, nataka nikuulize jambo moja tu. Lile tangi la mbele ulilisafisha vizuri?"

"Nililisafisha."

"Vizuri kabisa? Hakuna kitu kilichobaki kwenye bomba?"

"Bomba nilibadilisha."

"Nilijua. Nilimwambia Wainaina, Were hafanyi kazi nusu." Alivuta pumzi. "Ni nzuri sana zile bafu, unajua. Marumaru mpaka juu. Nakwambia, mambo huenda polepole, lakini yanaenda. Haya, na nyumbani kwangu kuna mfereji unavuja jikoni. Utakuja lini?"

Were alisema ana kazi nyingi. Wakili akasema hata wiki ijayo si kitu. Were akasema wiki ijayo pia, na ile nyingine. Wakili akaaga kwa adabu, na simu ikakatwa.

Mwenye duka, ambaye alikuwa akipima misumari kwenye mizani, alimtazama. "Fundi, ulikuwa unasema wiki hii huna kazi."

"Sina," alisema Were. Akamwomba maji ya kunawa, akapewa katika beseni la plastiki, na kabla ya kutumbukiza mikono aliyanusa.